Nani Atalala na Nani?

Mwezi uliopita tuliongelea michango ya harusi, na meseji mlizonitumia zimenipa kazi ya wiki nzima. Nawashukuru sana. Ila wengi mmeniuliza kitu kimoja kilekile: sawa dada, michango imepatikana, kosta imekodiwa, sare zimeshonwa. Je, watu tukifika mjini tunawalaza wapi?

Swali hilo mmelileta kwa mwenyewe. Mimi nimezaliwa Ngombezi, pale Korogwe, katikati ya mashamba ya mkonge, na sasa naishi Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba kila kundi likitoka nyumbani kuja mjini, simu inayoita ni yangu. "Dada, tunakuja Ijumaa, tuko kama ishirini hivi. Tutafutie vyumba vya bei poa." Kama una ndugu mkoani simu hii unaijua. Na kawaida yake inapigwa Jumatano!

Watu wengi wanadhani kazi ya kutafuta vyumba ni kazi ya bei. Jamani, bei ni sehemu rahisi. Unazunguka, unauliza, unabembeleza, unapata. Kasheshe iko kwenye maswali mawili ambayo hakuna anayependa kuyauliza kwa sauti. La kwanza, nani atalala na nani? La pili, nani hana hela ya kulala? Nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa sababu ya hayo mawili, wakati keki ya harusi yenyewe walishaisahau.

MJOMBA NA MWENYEJI WAKE WA MBAGALA

Mwaka 2022 ukoo wetu ulikuja Dar kwenye harusi ya binamu yangu. Malazi yalisimamiwa na kijana mmoja wa ukoo, mchangamfu, mwenye simu nzuri. Alifungua kundi la WhatsApp, akaweka orodha ya majina, na mbele ya kila jina kiasi mtu alicholipia chumba. Kila jioni orodha ilipanda upya. Wenye tiki walipigiwa makofi. Wasio na tiki, majina yao yalikaa pale na sifuri mbele yake, watoto na wajukuu wakiyasoma.

Mjomba wangu mmoja alikuwa na sifuri. Amefanya kazi shamba la mkonge tangu ujana wake, na wewe unayejua mishahara ya huko sina haja ya kukueleza. Siku mbili kabla ya safari aliandika kwenye kundi: "Mimi msinihesabu vyumba, nina mwenyeji wangu Mbagala." Watu wakajibu kwa vidole gumba, basi, yakaisha.

Usiku wa kwanza tulipoagana alikwenda "Mbagala". Asubuhi akaja mapema kuliko wote, shati lilelile, akicheka kuliko wote, akibeba kreti za soda. Usiku wa pili vilevile. Miezi minne baadaye niko nyumbani Ngombezi namenya mihogo na mke wake, ndipo mama yule akaniambia. Mbagala hakuna mwenyeji. Mjomba alilala stendi ya Mbezi usiku wote miwili, amekaa kwenye benchi kati ya abiria wanaosubiri mabasi ya alfajiri, begi lake mapajani.

Nilimfuata mzee mwenyewe. Amenipa ruhusa ya kuyaandika haya kwa sharti nisimtaje. Aliniambia neno moja ambalo mpaka leo silisahau: "Mwanangu, kulala stendi si taabu, ujana wetu tumelala pabaya zaidi. Taabu ni kuulizwa asubuhi, umelalaje?"

Msomaji wangu, soma tena hilo neno. Mzee hakuogopa mbu wala baridi ya alfajiri. Aliogopa orodha.

TULIPANGWA, TUSIPANGANE

Sisi watu wa Ngombezi jambo hili linatugusa kwa namna ya pekee. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa manamba, wale vibarua walioletwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga enzi za mkoloni kutoka Kigoma, Iringa, Songea, hadi nje ya mipaka. Wenye mashamba walikuwa hata na chombo chao cha kukusanya watu, SILABU, kilichoanzishwa mwaka 1944. Mtu alipewa namba, akaonyeshwa kambi, akaambiwa lala hapa na hawa. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa mjukuu wa manamba anakuja mjini kwa hiari yake, kwa furaha yake, amevaa sare ya kitenge. Na huyo naye tumpange kama magunia? Hapana jamani. Tuulizane.

ANZA NA WATU

Siku hizi kundi likinipigia, hata kama muda ni mdogo, sigusi namba ya gesti kabla sijapata majina. "Kama ishirini hivi" siyo idadi. Nataka jina, umri wa kukadiria, na anayekuja na nani. Halafu napiga simu kwa mmoja mmoja. Ndiyo, mmoja mmoja, dakika mbili mbili. Kwenye kundi la WhatsApp kila mtu atajibu "popote sawa tu". Kwenye simu ya faragha ndipo utasikia ukweli.

Nitakupa mfano. Kuna mwanandoa atakayekunong'oneza, "Dada, mimi na shemeji yako siku hizi hatuelewani, naomba nilale na mama." Ukoo mzima unajua wako pamoja, wewe ungeshawapa chumba chenye kitanda kikubwa na maua juu. Kuna mama anayenyonyesha ambaye mtoto wake halali. Kuna anayekoroma mpaka bati linatikisika. Kuna anayeamka kuswali alfajiri. Kuna anayemeza dawa kila siku saa ileile na hataki mtu amuulize ni za nini. Huyo mpe chumba chake peke yake au na mtu aliyemchagua mwenyewe, na wewe usiulize zaidi.

Wachumba je? Mabinti wengi wa ukoo watakuja na "rafiki". Msimamo wangu ni kwamba kwenye safari ya ukoo, mbele ya wazee, chumba cha pamoja ni cha waliooana. Mengine mtayafanya kwa muda wenu na hela yenu. Lakini liseme hilo mapema kwa simu, usilitangaze mapokezi huku kijana wa watu ameshika begi.

Na usisahau wakwe! Kwetu Tanga mama mkwe na mkwewe wa kiume wana heshima yao. Ukiwaweka kwenye gesti yenye bafu moja la kushirikiana, siku ya pili asubuhi watakutana kwenye korido, mmoja na ndoo, mwingine na taulo kiunoni. Huyo mama hatatoka chumbani mpaka mnarudi Korogwe. Kwa wakwe tafuta vyumba vyenye choo na bafu ndani, vile wenyewe wanaviita "self", au walaze nyumba tofauti kabisa. Gharama inapanda kidogo, lakini hapo unanunua heshima.

GESTI INA SHERIA ZAKE

Ukishajua watu wako, sasa tafuta vyumba. Na hapa wageni wengi kutoka mkoani wanaumbuka, kwa sababu gesti za mjini zina masharti ambayo hayasemwi kwenye simu.

Kubwa ni hili: gesti nyingi haziruhusu watu wawili wa jinsia moja kulala chumba chenye kitanda kimoja. Tangazo limebandikwa ukutani kabisa. Mmepanga mashosti wawili mbane matumizi, mnafika saa mbili usiku, dada wa mapokezi anawaambia kila mtu achukue chumba chake. Bajeti yote imekufa hapo. Uliza mapema, "Mna vyumba vya vitanda viwili? Vingapi?" Na uwaeleze kwamba ni kundi la ukoo, kuna mama na binti zake, kuna shangazi na mpwa.

Pili, uliza saa ya kukabidhi chumba. Sehemu nyingi ni saa 4 asubuhi. Sherehe mmetoka usiku wa manane, wazee bado wamelala, mlango unagongwa. Omba mwongezewe hadi saa sita mchana, na mkubaliane kabla, si asubuhi hiyo.

Tatu, jua unapeleka shangazi wapi. Sinza, Magomeni na Manzese gesti ni nyingi na zinafuatana, lakini nyingine zinaishi kwa shoti taimu. Milango inafunguliwa na kufungwa usiku kucha, na baa iko chini ya dirisha. Picha za kwenye simu hazitakuonyesha hayo. Nenda mwenyewe, au mtume mtu, na nenda usiku. Mchana gesti zote ni za watakatifu.

Nne, kila mtu aje na kitambulisho. Kitabu cha wageni kinataka jina, unakotoka, unakokwenda, namba ya simu na sahihi. Waeleze wazee kabla, maana wapo wanaodhani wanaandikwa polisi.

Kama kundi lenu ni la kanisa au kikundi cha akina mama, msiangalie gesti peke yake. Hosteli za taasisi za dini na jumuiya, kama Msimbazi Centre pale Ilala, au YMCA na YWCA katikati ya mji, zimepokea wageni wa makundi kwa miaka mingi. Hata huko uliza kwanza kama hakuna baa chini ya dirisha.

MJI UKIJAA

Dar es Salaam ina siku zake za kujaa. Kuna Saba Saba, maonesho ya biashara kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, yanayoanza mwishoni mwa Juni na kuvuka wiki ya kwanza ya Julai. Kuna mechi ya Simba na Yanga Uwanja wa Mkapa. Vyote viwili viko Temeke, kwa hiyo siku hizo Keko, Chang'ombe na Temeke yenyewe ndiko watu wanakoanza kuuliza vyumba. Mahafali ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo yanawaleta wazazi wa nchi nzima Sinza, Mwenge na Ubungo. Kabla ya kupanga tarehe, tazama mji una nini siku hiyo.

Na lala karibu na shughuli, usilale karibu na stendi. Zamani mabasi yaliposhusha Ubungo, mtu alishuka akalala Manzese, akawa yuko mjini. Tangu stendi ilipohamia Mbezi mwaka 2021 hesabu imebadilika. Ukilala Mbezi na ukumbi uko Mwenge, saa saba usiku mtakuwa mnatafuta bajaji kumi kwa wazee wenye miguu iliyovimba.

Julai 2024 tulipata yote kwa mpigo. Harusi ya Jumamosi tarehe 6, na kesho yake ndiyo Saba Saba yenyewe. Safari hii kazi nilipewa mimi. Nilianza wiki sita kabla. Nikachukua gesti mbili zinazotazamana, nikalipa kishika uchumba cha nusu, nikadai risiti iliyoandikwa namba za vyumba na tarehe. Ijumaa asubuhi nikapita kuhakikisha, na nini nakikuta? Gesti moja, ambayo sitaitaja, imewapa wafanyabiashara wa maonesho vyumba vyetu vitatu kwa bei kubwa zaidi. Nikatoa risiti, nikasoma namba za vyumba moja baada ya nyingine mbele ya wateja wengine. Mwenye nyumba akaona aibu, akatutafutia vitatu kwa jirani yake na kulipa tofauti mwenyewe. Kosta ilipofika jioni hakuna aliyejua kilichotokea. Ningekuwa na ahadi ya mdomo tu, nisingekuwa na la kusoma.

HELA BILA AIBU

Sasa tufike kwenye kidonda. Tuseme, kwa mfano tu, mko watu 22 pamoja na dereva. Vyumba tisa vya watu wawili na vinne vya mtu mmoja, jumla 13. Chumba shilingi 30,000, usiku mbili. Jumla ni shilingi 780,000.

Dereva halipi, na tena apewe chumba cha peke yake chenye utulivu. Huyo ndiye atakayewarudisha karibu kilomita 300 hadi Korogwe wakati ninyi mmelala midomo wazi. Wanabaki 21, kila mmoja kama 37,150.

Sasa kuna wazee watatu. Mkisema wazee hawalipi, wachangiaji wanabaki 18, na kila mmoja anatoa kama 43,350. Tofauti ni kama shilingi 6,200 kwa kichwa. Ndugu yangu, 6,200! Chakula na soda mlivyonunua njiani basi liliposimama huenda vilizidi hapo.

Lakini sikiliza namna ya kulifanya, kwa sababu hapa ndipo pana siri. Usiseme "tumchangie mjomba, hana hela". Hapo umemlaza kitandani na kumvua nguo mbele za watu. Weka kanuni: kuanzia miaka 60, mzee halipi malazi kwenye safari ya ukoo. Mzee mwenye duka halipi, mzee asiye na kitu halipi. Wote wamelala kwa umri wao. Hakuna wa kumhurumia wala wa kumshukuru.

Na vijana wasio na kitu? Wapo, tena wengi, wenye simu nzuri na mfuko mtupu. Weka bei mbili au tatu na uzitaje zote mapema kama vitu vya kawaida: chumba cha peke yako bei hii, cha wawili bei hii, cha wanne bei hii. Ndugu zetu wanaokwenda kuhiji Makka wamezoea utaratibu huo. Mtu anaambiwa mapema watakuwa wangapi chumbani na hoteli iko umbali gani na Msikiti Mtukufu, anachagua kwa kadiri ya mfuko wake, na ibada ni ileile.

Malipo yaingie kwa mtu mmoja, kwa simu. Orodha ya waliolipa aione mweka hazina na mwenyekiti, basi. Kwenye kundi tangaza jumla tu: "Tumefikisha laki tano, bado laki mbili na themanini." Watu wataongeza bila kuchapwa.

Na akitokea mtu anasema ana mwenyeji wake, furahi naye, ila muulize kwa upole, faragha, "Nikupeleke kwake jioni au atakufuata?" Mwenye mwenyeji atakutajia mtaa. Asiye naye atanyamaza kidogo. Ukisikia ule ukimya, sema tu, "Kuna kitanda kimoja kimebaki kwenye vyumba tulivyokwisha lipia, kinapotea bure, nisaidie usiku huo." Huo siyo uongo ukiwa umekilipia.

Ndivyo tulivyofanya Julai ile. Mjomba wangu alipewa chumba na rafiki yake wa miaka mingi kutoka shambani, vitanda viwili, feni, choo ndani. Asubuhi ya Jumapili nilimkuta kwenye ngazi anapiga mswaki. Nikamuuliza, kwa makusudi kabisa, "Mjomba, umelalaje?" Akaanza kunieleza, godoro, feni, rafiki yake anavyoota akiongea. Alieleza mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo shosti, kaka, ukipigiwa ile simu ya Jumatano, usikimbilie kuuliza bei. Uliza majina. Kisha chukua kalamu uandike nani atalala na nani, ufunge daftari, na mtu mwingine asilione.

Mwezi ujao tutaongelea mgeni aliyekuja kwa siku tatu na sasa ana miezi mitatu kwenye sebule yako. Najua wengi mnaye. Niandikieni, majina yenu nitayaficha kama kawaida. Hadi hapo, laleni salama, na mlazane kwa heshima.